Mwokota Masuke si Mwivi



Tumfikirie kijana wa Lubumbashi anayejifunza kuchora kwa rangi za mafuta. Mbele yake ameweka nakala ya picha ya Millet, fundi wa Ufaransa, iitwayo Des glaneuses, ya mwaka 1857. Wanawake watatu maskini wanaokota masuke ya ngano yaliyosazwa na wavunaji. Mbali nyuma yao yaonekana marundo makubwa ya mavuno, na msimamizi juu ya farasi. Kijana achora miraba juu ya nakala ile, na miraba vilevile juu ya kitambaa chake, apate kupima kila umbo. Kisha apaka kwanza rangi nyepesi, na juu yake ile yenye mafuta mengi. Maana akigeuza utaratibu huo, rangi ya juu itapasuka.

Mzee jirani apita, atazama, asema: “Mwanangu, hiyo si kazi yako. Umemwibia mwenyewe.” Je, mzee asema kweli?

Swali hili si dogo, kwa kuwa lagusa amri ya saba na ya nane pia. Lakini jibu limo ndani ya picha yenyewe. Torati ya Musa iliwaagiza wenye mashamba wasiokote masazo ya mavuno yao, bali wawaachie maskini na mgeni. Ndivyo Ruti alivyookota katika shamba la Boazi, wala hakuna aliyemwita mwivi. Lakini kama angalitwaa kwa siri mganda uliofungwa, akasema, “Huu nimelima mimi,” angalikuwa mwivi na mwongo.

Basi mwanafunzi ni mwokotaji. Aokota jinsi mwanga unavyoangukia bega, na jinsi mgongo ulioinama unavyoonyesha uchovu. Hayo ni halali yake. Akiandika jina lake peke yake na kuiuza picha kana kwamba ameibuni yeye, hapo amebeba mganda: amemnyima fundi heshima yake, na mnunuzi amemdanganya.

Iko hatari nyingine. Mwaka 1946, mji huu ulipoitwa Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Alitaka wachore waliyoyaona wenyewe. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki. Mwenze Kibwanga akajaza picha zake mistari myembamba. Bela akapaka rangi kwa vidole. Kila mmoja alikuwa na njia yake.

Je, basi kunakili kwaua macho ya mtu? Si lazima. Vincent van Gogh, Mholanzi, alikuwa mwaka 1879 mhubiri kati ya wachimba makaa ya mawe wa Borinage, nchini Ubelgiji. Mwaka uliofuata alianza kujifunza uchoraji kwa kunakili picha za Millet. Alipokuwa mgonjwa huko Saint-Rémy, mwaka 1889 na 1890, alizinakili tena. Nakala alizokuwa nazo hazikuwa na rangi, ikampasa azitafute rangi mwenyewe. Wala hakuficha kwamba asili yake ni Millet. Aliokota, lakini macho yalibaki yake.

Ruti naye hakuyaacha masuke yalivyo. Aliipura shayiri, akaipeleka nyumbani, akamlisha mkwewe. Vivyo hivyo yampasa kijana wetu. Chini ya picha yake aandike wazi: “Nimenakili kwa Millet.” Tena, mvua zikiisha na mahindi yakikauka, aiache nakala nyumbani, aende shambani kwa mama yake. Amtazame akivunja mahindi na kuyatia kikapuni, chakula cha bukari ya nyumba nzima. Autazame mgongo wake na udongo mwekundu miguuni pake, kisha achore. Hapo mzee jirani hatauliza tena kazi hii ni ya nani.