Bei ya Umbali

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutoa bei kikomo za mafuta kwa miji ya Tanzania Bara. Anayeisoma orodha hiyo kwa makini huona kwamba haielezi bei ya petroli peke yake; hueleza pia jiografia. Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, penye bandari za kupokelea mafuta, bei huwa chini, na kadiri mji unavyoipa bahari kisogo ndivyo shilingi zinavyopanda. Songea, mji mkuu wa mkoa wa Ruvuma, imo katika fungu la wanaolipa umbali wao. Umeme hauna orodha ya namna hiyo. Anayenunua uniti za LUKU Songea hulipa sawa na anayenunua Kariakoo, hata kama nguzo zilizouleta umeme huo zimevuka mikoa kadhaa.

Vitu viwili, basi, vinavyoweza kulisukuma gari moja, vimeshika imani mbili juu ya umbali. Petroli inasema: aliye mbali na aubebe umbali wake. Umeme unasema: umbali wa mmoja ni mzigo wa wote. Zamani tofauti hii ilikuwa jambo la wahasibu. Tangu magari ya umeme yaanze kuonekana Afrika Mashariki, imekuwa swali la maadili. Mtu anayechaji pikapu yake badala ya kuijaza petroli hubakiwa na fedha mfukoni. Je, fedha hizo ameziokoa, au kuna mtu mwingine aliyemlipia bila ya kujuana naye?

Hesabu yenyewe si ngumu. Ichukuliwe pikapu ya petroli inayokwenda kilomita 10 kwa lita moja, mwendo wa kawaida kwa gari lililopakia magunia katika barabara ya milima. Kutoka Songea hadi Mbinga, nchi ya kahawa ya Wamatengo, ni takriban kilomita 100. Zitatoka lita 10, na petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, safari itakula shilingi 30,000. Pikapu ya umeme ya kimo hicho hutumia kadiri ya uniti 30 kwa mwendo huo. Zikiongezwa zile zinazopotea wakati wa kuchaji, huwa 33. Kwa bei ya matumizi ya kawaida iliyopangwa mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti, ambayo pamoja na kodi na tozo hufika karibu shilingi 356, safari ileile itagharimu kama shilingi 11,750. Petroli ikipanda, kama ilivyopanda mwaka 2022 baada ya kuanza kwa vita vya Ukraine, pengo hupanuka. Ili pengo lizibike kabisa, lita moja ingepaswa kushuka chini ya shilingi 1,200, na hakuna dalili ya siku hiyo.

Hesabu hii haikutia bei ya kununulia gari. Pikapu nyingi zinazopanda milima ya Ruvuma ni magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo, na ni ya petroli au dizeli. La umeme huhitaji mtaji mkubwa zaidi mwanzoni, na betri yake nayo huchakaa. Kwa hivyo unafuu wa kila siku hupatikana na yule aliyekuwa tayari na fedha nyingi siku ya kwanza, na asiyekuwa nazo huendelea kununua safari yake kwa bei ya juu, lita moja baada ya lita moja. Katika vijiji vilivyo mbali na kituo cha mafuta, kijana wa bodaboda hununua petroli iliyotiwa kwenye chupa, kwa bei inayoipita hata ile ya mjini. Ndivyo umaskini ulivyo popote: hununua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiko kunakogharimu.

Na isemwe haki ya petroli kwanza. Mtetezi wake atasema kwamba bei yake ni bei ya kweli. Lori la mafuta litokalo Dar es Salaam kwenda Songea husafiri zaidi ya kilomita 900. Litokalo Mtwara hupita Masasi na Tunduru. Dereva hula njiani, matairi huisha, injini hunywa. Hakuna kilichotolewa bure, kwa nini basi mwisho wa safari pafichwe gharama? Bei inayosema kweli humfundisha mtu kupima: safari hii ina maana, ile haina. Bei inayoficha humlea mtu katika ubadhirifu asioujua.

Hoja hii ina nguvu, lakini ina tundu. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolilisha taifa mahindi. Mkulima wa Songea anaponunua petroli, umbali huongezwa juu ya bei. Anapouza gunia lake kwa mfanyabiashara kutoka pwani, umbali uleule hukatwa katika bei, kwa kuwa mnunuzi naye ana lori la kugharimia. Njia ni moja, lakini hulipiwa mara mbili, na mara zote mbili mlipaji ni yuleyule. Mkaazi wa bandarini halipi umbali anapopokea mafuta, wala halipi anapopokea unga. Bei iliyosifiwa kwa kusema kweli imesema nusu yake tu: imeeleza kwamba njia ni ndefu, haikueleza kwa nini urefu huo uwe deni la upande mmoja.

Imani ya umeme imekwenda njia nyingine, na historia ya Songea inaidhihirisha vizuri. Kwa miaka mingi mji huo haukuunganishwa na gridi ya taifa. TANESCO ilizalisha umeme hapohapo kwa majenereta ya dizeli, na dizeli yenyewe ililetwa kwa malori. Aliyewasha taa Songea aliwasha mafuta yaliyosafiri, naye alilipa bei ya taifa zima. Kilichobaki kililipwa na shirika, maana yake kililipwa na wateja wengine na hazina ya umma. Kuchaji gari katika siku hizo kungekuwa sawa na kulinywesha dizeli kwa mrija mrefu, tena kwa kikombe cha jirani. Mwaka 2018 njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako kupitia Madaba, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ikaufikia mji, na majenereta yakapumzishwa. Hata leo, katika kila ununuzi wa LUKU imo asilimia 3 inayokwenda kupeleka umeme vijijini. Mshona nguo wa Temeke anatia fungu lake katika nguzo ambazo hataziona maisha yake.

Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kufafanuliwa maana ya nuru inayotoka mbali. Tangu mwaka 1980 Unguja hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wa pili ukaongezwa mwaka 2013. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa gizani, na watu wakajua, pasipo kuhitaji darasa, kwamba swichi iliyo ukutani ni ncha tu ya jambo refu ambalo mwanzo wake umo mikononi mwa wengine.

Lakini ni nani anayempa nani? Hapo jambo linageuka. Mwezi Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, ulianza kutoa umeme, na mwaka 2025 mitambo yote 9 ilikuwa imekamilika, yenye uwezo wa megawati 2,115. Rufiji huzaliwa pale Kilombero inapokutana na Luwegu, na Luwegu huanzia katika mkoa wa Ruvuma. Mvua inyeshayo katika nyanda hizo huteremka hadi bwawani, huzungusha mitambo, kisha sehemu yake hupanda tena milima ikiwa ni umeme. Petroli ilikuwa mgeni Songea tangu tone la kwanza. Umeme huu ni mtoto aliyetoka nyumbani na kurudi. Kwa hiyo Songea, iliyodhaniwa kuwa ni ombaomba katika gridi ya taifa, inalo fungu lake katika chungu.

Si mara ya kwanza Rufiji kupeleka ahadi ya nguvu Songea. Mwaka 1905 maji ya dawa kutoka Ngarambe, karibu na mto huo, yalifika Ungoni yakiahidi kwamba risasi za Wajerumani zingekuwa maji. Tarehe 27 Februari kila mwaka mji huo huwakumbuka walionyongwa mwaka 1906, akiwamo Nduna Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo jina la mji. Mitambo ya leo haina uganga, na waya hauhitaji imani. Hata hivyo historia hiyo imeacha fundisho moja linalofaa kila zama: nguvu inapoahidiwa kuwa haina gharama, aulizwe aliyeahidi ni nani atakayelipa.

Walipaji wa umeme wa bei nafuu wapo. Walio karibu zaidi na msomaji wa pwani ni watu wa bonde la chini la Rufiji na delta yake, ambao kwa vizazi walipanga kilimo chao kwa kufuata kujaa na kupwa kwa mto. Sasa mto una mlango, na mlango una mlinzi aliye mbali nao. Mafuriko yalipoyazamisha mashamba na makaazi ya Rufiji na Kibiti mwezi Aprili 2024, palizuka mabishano makali: je, bwawa liliyazidisha maji kwa kuyafungulia, au liliyapunguza kwa kuyazuia? Lililo wazi ni kwamba tangu hapo mkulima wa kule hamtazami Mungu na mawingu peke yao. Humtazama pia mtu aliyeshika funguo.

Mlipaji mwingine yupo palepale Songea. Katika kila lita ya petroli imo tozo ya Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Anayechaji hailipi tozo hiyo. Pikapu ya umeme, ambayo kwa sababu ya betri aghalabu ni nzito kuliko mwenzake wa petroli, hupita juu ya lami iliyotengenezwa kwa shilingi za yule kijana wa bodaboda mwenye petroli ya chupa. Waswahili walikwisha sema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Abebaye ndiye ajuaye uzito. Atazamaye huona pamba.

Je, petroli basi ndiyo safi kwa kuwa hulipa njia yake? La. Petroli ina wabebaji wake pia, na ni wengi zaidi: mapafu ya wapita njia, fedha za kigeni za nchi nzima, na mvua zinazopotea majira, ambazo mkulima wa Ruvuma huzihitaji kuliko mtu yeyote. Gharama hizo hazimo katika orodha ya EWURA, kwa sababu hakuna kituo cha mafuta kinachoziuza. Ethiopia, yenye mabwawa makubwa na uchache wa fedha za kigeni, mwaka 2024 ilizuia kuingizwa kwa magari yasiyo ya umeme. Uamuzi huo waweza kubishaniwa. Lakini ulitoka katika swali sahihi, yaani ni gharama gani isiyoandikwa inayolipwa na taifa zima kwa ajili ya wenye magari.

Basi tatizo si kwamba mtu amebebewa. Hakuna aishiye bila ya kubebewa, na imani ya umeme, kwamba umbali wa mmoja ni mzigo wa wote, ni bora kuliko ile inayomtoza mkulima mara mbili kwa kosa la kuzaliwa mbali na bahari. Tatizo ni kubebewa na kusahau. Bei ya shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, ilipangwa kwa nyumba ndogo isiyozidi uniti 75 kwa mwezi: taa, redio, simu. Pikapu ikienda Mbinga mara tatu tu, imekwisha kuzivuka uniti hizo. Ni haki ivuke na ilipe bei ya wengine, kwani sadaka iliyokusudiwa taa haipaswi kuliwa na injini. Ni haki vilevile tozo ya barabara ifuate magurudumu na uzito badala ya kufuata mafuta, ili anayepita alipe kwa kupita. Na fedha atakazookoa mwenye gari zisiitwe tunda la werevu wake pekee.

Yule mwenye pikapu ya umeme atakapoteremka kutoka Mbinga na magunia ya kahawa, shilingi 18,250 zilizobaki mfukoni mwake zitakuwa zake kwa mujibu wa sheria. Kwa mujibu wa uadilifu zina washirika: fundi cherehani wa Temeke, kijana wa bodaboda, mkulima wa delta. Hawatakuja kudai, kwa kuwa hawalijui deni hilo. Lakini deni haliishi kwa sababu mdai amenyamaza, na mtu huru hupimwa kwa yale madeni ambayo hakuna wa kumdai.