Kati ya "Unachakaa" na "Umechakaa"

Kitenzi "kuchakaa" hakimsumbui mgeni anayejifunza Kiswahili. Hakina ukaidi: ninachakaa, ulichakaa, vitachakaa, vimechakaa. Akishajua viambishi vya nyakati, amekimaliza kwa siku moja. Sisi tuliozaliwa nacho ndio tuliobaki na somo.

Tusikilize tunavyokitumia. Tunasema shati limechakaa, mkeka umechakaa, baiskeli imechakaa. Ni mara chache mtu kusema, "Shati langu linachakaa." Tunangoja mpaka kazi ya uchakavu iishe ndipo tuitaje. Lakini hakuna shati lililochakaa kwa siku moja. Siku zote hizo tulilivaa na kulifua, tukaliona zima.

Hapa Tabora tunalo fundisho la udongo. Tembe za zamani zilikuwa na kuta nene za udongo na paa bapa la miti lililofunikwa udongo. Katika tembe ya namna hiyo, kule Kwihara, David Livingstone alikaa mwaka 1872 akingojea wapagazi kutoka pwani, hadi alipoondoka mwezi Agosti. Kuiangusha tembe hakuhitaji adui, inatosha iachwe. Mvua za msimu mmoja huondoa udongo kidogo tu juu ya paa. Mwenye nyumba akipanda akaongeza udongo, nyumba inadumu. Asipopanda, maji hupata njia, miti huoza, ukuta hufuata. Ukiuliza nani aliyeivunja, humpati. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tembe ya Kwihara nayo ilibidi ijengwe upya.

Basi, je, uharibifu usio na mharibifu ni dhambi?

Kwa mwili, hapana. Katika 2 Wakorintho 4:16 Biblia yetu ya Kiswahili inatumia kitenzi hiki hiki kwa utu wetu wa nje, na Mtume Paulo hamlaumu mtu kwa kuzeeka. Lakini anatuonyesha pia utu wa ndani, ambao Mungu huutengeneza kila siku. Goti la bibi likichakaa, tunampa mkono avuke. Dhamiri si goti.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo, kupitia Tabora hadi Ujiji, ilipitisha vitambaa na pembe za ndovu, na ilipitisha pia watu waliofungwa. Siamini kwamba aliyemwona binadamu amefungwa shingoni kwa mara ya kwanza alikula chakula chake kwa raha. Je, msafara wa kumi? Wa hamsini? Moyo huzoea. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na misafara ya miguu ikafifia, lakini mazoea ya moyo hayakuondoka nayo. Leo tunamwona binti wa kazi ambaye hajalipwa kwa miezi mitatu, au mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake. Mara ya kwanza tunashtuka. Mara ya tatu tunasema, "Ndivyo ilivyo." Hapo tunawajibika, kwa kuwa ngazi ilikuwepo na udongo ulikuwepo, nasi hatukupanda.

Ndiyo maana Martin Luther, katika hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517, alifundisha kwamba maisha yote ya mwamini ni toba. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 aliufafanua Ubatizo kwa namna hiyo hiyo: mtu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku. Toba ya kila siku husema kwa "-na-": Bwana, upendo wangu unachakaa. Asemaye hivyo bado anaiona nyumba yake.

Na aliyekwisha kufika kwenye "umechakaa"? Injili haikuletwa kwa wenye nyufa ndogo peke yao. Mungu hujenga na kuta zilizoanguka. Ila jirani aliyelala chini ya paa lile alinyeshewa wakati sisi tukingoja. Kwa hiyo jioni ya leo, kabla ya sala, tutaje jambo moja lililotushtua zamani na ambalo sasa tunalipita kimya. Kesho asubuhi tupande na udongo.