Kumvua Samaki Usiyemtaka

Waulize watu wa Kanamkemer kama ni vibaya kumvua samaki halafu kumrudisha majini. Wengi watacheka kwanza. Hapa Lodwar samaki ni kitu chenye bei. Anatoka Kalokol akiwa ameshakaushwa na kutiwa chumvi, anarundikwa juu ya gari, anashuka sokoni, na wenzake wengine wanaendelea na safari hadi Kitale. Sasa mwambie mama anayewauza kwamba kuna mtu amepanda ndege, akakodi mashua na nahodha, akachomwa na jua kutwa nzima, akamnasa mbuta mzito kuliko mtoto wa shule, akapiga naye picha, kisha akamwachilia. Atakuuliza: huyo ni mzima kweli?

Kicheko hicho nakiheshimu. Lakini kicheko si hoja, na mimi nataka kujua kama kuna hoja ndani yake.

Mbuta, yule ambaye Watanzania wanamwita sangara, ni mwenyeji wa Ziwa Turkana. Ziwa Victoria alipelekwa na watu miaka ya 1950. Huku alikuwepo tangu zamani. Anaweza kupita kilo 100, ndiyo maana wavuvi wa starehe wanamwota. Ghuba ya Ferguson, pale Kalokol, imeona mambo mawili yasiyofanana. Baada ya ukame wa mwaka 1960 na 1961, Waturkana waliopoteza mifugo walipelekwa pale wajifunze kuvua ili wasife njaa. Ghuba hiyohiyo ikawa pia na loji ya wageni waliokuja kuvua kwa raha zao. Maji ni yaleyale, samaki ni yuleyule. Mmoja anamvuta ili aishi, mwingine anamvuta ili afurahi.

Hoja ya kwanza utakayoisikia mtaani ni kwamba huyo mgeni anawadhihaki wenye njaa. Inagusa moyo, lakini haisimami. Samaki aliyerudishwa hajaibiwa mtu. Kama atapona, kesho anaweza kuingia kwenye nyavu ya mvuvi wa Kalokol. Tena pesa ya mashua inabaki huku. Mzee mmoja aliyewahi kuwapeleka wageni ziwani alinieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote wa uchumi.

“Kijana wangu, yule samaki nikimpeleka sokoni nimemuuza mara moja. Mgeni akimrudisha, naweza kumuuza tena kwa mgeni mwingine.”

“Na samaki mwenyewe, mzee?”

“Samaki hajawahi kuniuliza.”

Hoja ya pili ni maumivu. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Uingereza. Waliwadunga samaki aina ya trauti asidi na sumu ya nyuki kwenye midomo. Baadhi ya samaki waliacha kula kwa saa kadhaa, na waliodungwa asidi wakawa wanajisugua midomo kwenye changarawe. Wako wanasayansi wanaobisha mpaka leo kwamba hayo si maumivu kama yetu, lakini mimi sioni sababu ya kuweka dau langu upande huo. Tena mbuta akivutwa haraka kutoka kina kirefu, kibofu chake cha hewa kinavimba, na kuzama tena kunamshinda. Si kila anayeachiliwa anaishi.

Lakini hebu tuwe wakweli. Kama tunahesabu maumivu tu, mvuvi wa nyavu ndiye ana deni kubwa. Nyavu inategwa jioni, inatolewa asubuhi. Usiku kucha samaki wamenaswa mashavuni, wanahangaika hadi wanachoka, na si mmoja, ni wengi. Mgeni na ndoano yake moja hafiki hapo hata akikaa wiki nzima. Kwa hiyo kama bado kuna kitu kinanikera kwa mgeni na hakinikeri kwa mvuvi wetu, shida haiko kwenye hesabu.

Mtu atasema: basi tofauti ni njaa. Anayekula ana sababu, anayecheza hana. Ningependa iishie hapo, lakini nami siwezi kujificha nyuma ya njaa. Siku ninayonunua samaki, maharagwe yapo na ni ya bei nafuu. Namchagua samaki kwa sababu ni mtamu. Hiyo pia ni raha. Je, raha ya ulimi ina haki gani ambayo raha ya mikono haina?

Jibu langu ni hili. Leta habari kwamba kuanzia kesho samaki watakufa bila kuhisi chochote. Mimi mlaji nitafurahi. Utamu haujapungua hata kidogo. Mahangaiko ya samaki kwangu ni gharama, na gharama ikiondolewa nashukuru. Sasa mpelekee mvuvi wa starehe habari hiyohiyo: samaki watakuja kwenye ndoano wametulia, hawavuti, hawaruki, hawakimbii na mshipi. Atarudisha vifaa vyake kwenye begi. Kile ambacho kwangu ni gharama, kwake ndicho bidhaa. Analipia samaki apigane.

Atajitetea kwamba hapendi mateso, anapenda kupima nguvu na ustadi wake. Namwamini. Lakini nguvu anayopimana nayo inatoka wapi? Inatoka kwa kiumbe anayedhani anakufa. Wacheza mieleka wawili wamekubaliana kabla ya kushikana, na yeyote anaweza kusema basi. Katika mchezo huu, mmoja tu ndiye anayejua kwamba ni mchezo.

Kuna hoja nyingine ninayoiheshimu zaidi. Samaki akiwa na thamani kwa watu wenye sauti, atapata watetezi. Kule Watamu, wavuvi wa starehe huwatia samaki alama kabla ya kuwaachilia, na alama hizo zimewasaidia wanasayansi kujua wanasafiri wapi. Ziwa letu nalo linahitaji marafiki: sehemu kubwa kabisa ya maji yake inatoka mto Omo, ambako Ethiopia ilizindua bwawa la Gibe III mwaka 2016, na mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Sawa. Lakini hoja hii inatuambia kwamba mchezo una faida. Haituambii kwamba lazima rafiki wa ziwa awe ni mtu wa kuvua na kuachilia. Anaweza kuvua mmoja, akamuua upesi, akala na wenyeji wake, akaenda kupiga kelele hukohuko kwao.

Uswisi wana sheria inayokataza kuvua kwa nia ya kumrudisha samaki tu: ukienda kuvua, uwe unamtaka. Sisemi tuilete Turkana kwa askari na faini. Mzee wangu ana watoto wa kulisha, na pesa ya mgeni ni pesa. Nasema wazo lenyewe liko sawa, na yule mama wa sokoni alikuwa nalo kabla hajasikia habari za Uswisi.

Ila linatubana na sisi. Kama kweli mahangaiko ya samaki ni gharama tu kwetu, basi tuonekane tukiipunguza: nyavu zitolewe mapema, samaki aliye hai apigwe kichwani mara moja badala ya kuachwa akitapatapa ndani ya mashua. Hayo hayahitaji mfadhili. Tusipoyafanya, siku mgeni atakapotuuliza sisi tunajali nini, tutabaki na kicheko tu.