Masala ya Mgonjwa Ambaye Vipimo vya Damu Yake Vinakhitilafiana

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na dawa zake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wa Chiwata, na wa pande za Masasi na Newala, huuliza sana juu ya kadhiya hii. Mtu ana maradhi ya kisukari. Asubuhi hujipima damu nyumbani kwa kimashine chake, akaona 10. Siku ile ile huteremka Ndanda akapimwa, akaambiwa 8.7. Kisha kipimo cha miezi mitatu huonyesha jambo la tatu. Je, asadiki kipi? Na je, yamfalia aviache vyote na kusema, "Nimetawakali"?

Jawabu. Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba kukhitilafiana si lazima kuwe ni kuongopa. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 2013 imeviruhusu vimashine vya nyumbani kupungua au kuzidi kwa sehemu 15 katika mia pale sukari inapokuwa nyingi. Basi mwenye 10 ya kweli aweza kuonyeshwa 8.5 au 11.5, na kimashine kisiwe kibovu. Tena vijiti vya kupimia huharibiwa na joto na unyevu, na kopo lililoachwa wazi, na kupitwa na muda wake. Na aliyemenya embe au kukamua mabibo, kisha akajitoboa kidole bila ya kunawa kwa maji, hupima sukari ya tunda pamoja na ya damu. Na wako wahisabuo kwa milimoli, na wako wahisabuo kwa miligramu: mmoja huambiwa 10 na mwenziwe 180, wakadhani kati yao pana umbali wa mbingu na ardhi, nayo ni kadiri moja.

Ama kipimo cha miezi mitatu, hicho huulizwa suala jingine. Kile cha kidole hueleza saa hii. Hiki hueleza sukari iliyogandamana na chembe nyekundu za damu katika maisha yake, nayo ni kama siku 120. Chembe zikifa mapema, kama kwa maradhi ya selimundu, hesabu yake hushuka pasipo sukari kushuka. Kwa hivyo mashahidi wawili waweza kusema kweli wote wawili, kwani kila mmoja ameshuhudia wakati wake.

Sasa tuingie katika hukumu. Asili waliyoiweka wanazuoni wetu ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Maradhi yaliyokwisha thubutu kwa waganga ni yakini. Hesabu moja nzuri ya asubuhi haiyaondoi, wala si ruhusa ya kuacha dawa. Na kinyume chake ni vivyo hivyo: mtu mzima asiye na dalili yoyote, akipimwa mara moja ikaonekana sukari imezidi, hahukumiwi kuwa mgonjwa mpaka arejewe kupimwa. Waganga wa zama zetu wamefuata njia hiyo hiyo, hata wasiposoma vitabu vyetu.

Lakini mambo mengi ya mwili hayana yakini, yana dhana yenye nguvu tu, na sheria imetuamrisha kuifanyia kazi. Tazama masala ya kibla. Kibla chetu hapa Chiwata ni kaskazini, na kila mtoto wa chuoni akijua. Walakini msafiri aliyefunikwa na wingu nchi ya ugenini yampasa ajitahidi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaj ya kwamba mtu akisali rakaa nne kwa pande nne, kila rakaa kwa ijtihadi mpya, sala yake ni sahihi, wala hairejei. Zingatia! Hakulaumiwa kwa upande wa kwanza, kwa kuwa ndio alioujua. Wala hakuruhusiwa kuung'ang'ania ilipombainikia ya pili. Wala hakuambiwa asali pasipo kutafuta, kisha aite huko kutawakali.

Na ijtihadi ya mgonjwa ni hii: anawe mikono, avihifadhi vijiti, aandike daftarini siku na saa, na kwamba amekula au hajala, aende na kimashine chake hospitali, vipimwe viwili kwa wakati mmoja, kisha amwonyeshe mganga daftari lote, asimwonyeshe hesabu moja tu.

Hapa ndipo penye mtihani wa nafsi. Wako watu hujitoboa mara tatu na nne, wakaandika ile iliyowafurahisha na kuzifuta nyingine. Kadhi achaguaye shahidi ampendaye ni dhalimu. Na huyu ni kadhi wa mwili wake, nao ni amana, si milki yake. Na wako wengine hujitoboa kutwa kwa hofu, kama mwenye wasiwasi wa udhu asiyeondoka kisimani. Wote wawili wamefuata nafsi, mmoja kwa tamaa na mwenziwe kwa khofu.

Tanbihi ya Ramadhani. Kutoboa kidole hakufunguzi saumu. Waganga wamesema: ikishuka chini ya 3.9, au ikipita 16.6, afungue. Akiwa atetemeka na kutoka jasho jembamba, na kimashine chasema salama, asingoje shahidi wa pili. Ale kitu kitamu upesi. Khasara ya kukosea kwa kula ni kulipa siku moja, au mudi ya chakula kwa asiyetarajiwa kupona. Na khasara ya kukosea kwa kufunga yaweza kuwa roho. Mwenye kuchelea kuangamia, kufungua kwake ni wajibu.

Basi ewe ndugu, usitake kwa kipimo ujuzi usiokuwamo ndani yake. Ujuzi uliotimia ni wa Mwenyezi Mungu peke yake. Juu yetu ni kutafuta kwa insafu, na kutenda kwa tulichokipata. Mola awaponye wagonjwa wetu. Amin. Wallahu aalam.