Mtegemea Vidole vya Mwenzake

Kisa hiki ni cha kijana mmoja wa Masasi, mkoani Mtwara. Simtaji jina, kwa kuwa yaliyompata yanawapata wengi, na huenda anayekisoma akajiona ndani yake.

Kijana huyu alikuwa na akili na bidii. Alifaulu kidato cha nne, akapangiwa shule ya bweni. Shule ilikuwa na kompyuta. Zililetwa kwa msaada, zikapangwa chumbani, zikafunikwa vitambaa, na mlango ukatiwa kufuli. Ufunguo alikaa nao mkuu wa shule, akihofia wanafunzi wasije wakaziharibu. Wakaguzi walipokuja chumba kilifunguliwa, wakasifu, kikafungwa tena. Kijana hakulalamika. Alisoma Historia, Jiografia na Kiswahili, na kompyuta haikuwamo katika mitihani yake.

Matokeo ya kidato cha sita yakatoka, naye akapata daraja la kwanza. Tangu mwaka 2017, mwombaji wa shahada hapa Tanzania hupeleka maombi moja kwa moja chuoni kwa njia ya mtandao. Akabeba vyeti vyake hadi steshenari iliyo karibu na stendi.

"Kaka, naomba unijazie maombi ya chuo."

"Acha vyeti hapo, mdogo wangu. Pitia jioni."

Mwenye steshenari hakuwa mtu mbaya. Foleni ilikuwa ndefu na alitaka kuwahi. Akamfungulia kijana barua pepe, akatunga neno la siri analolijua yeye, na mahali pa namba ya simu akaandika yake, maana simu ya kijana ilikuwa imeharibika. Kijana akalipa, akashukuru, akaondoka bila kuuliza lolote.

Akachaguliwa na vyuo viwili. Mwombaji wa aina hiyo hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa kupitia simu au barua pepe aliyojaza. Namba ilitumwa, ikaangukia kwenye simu ya mwenye steshenari, katikati ya jumbe za wateja wengine. Kijana alipopata habari, muda ulikuwa umepita. Mwaka mzima ukamwishia nyumbani, akipalilia mikorosho ya mama yake.

Mwaka uliofuata alirudi kwa mtu yuleyule. Safari hii alitoa namba yake mwenyewe, akaona hilo linatosha. Akaingia chuo kikuu. Huko, kila kazi aliiandika kwa kalamu, akalipa wa kumchapia. Ulipofika utafiti wa mwaka wa mwisho, alizunguka vijijini kuwahoji wakulima, kazi ya jasho lake kweli, kisha akamlipa mtu achambue takwimu na kutengeneza majedwali. Siku ya kuutetea utafiti, mhadhiri alimwonyesha jedwali moja akamwuliza, "Asilimia hii umeipataje?" Hakuwa na jibu. Utafiti alioutolea jasho ukampa alama ndogo, kwa sababu sehemu iliyoulizwa haikuwa yake.

Akahitimu. Maombi ya kazi za serikali hupita kwenye mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira, nayo pia alijaziwa. Akaitwa kwenye usaili, akavuka mtihani wa maandishi, akafika kwenye vitendo. Kila msailiwa aliwekewa kompyuta: aandike barua ya kiofisi, apange orodha ya malipo kwenye jedwali, ajumlishe, achapishe. Vidole vyake vilitafuta herufi moja moja. Muda uliisha barua ikiwa nusu. Nafasi ikaenda kwa binti ambaye alama zake za chuo zilikuwa chini ya zake.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kijana wetu alitegemea vidole vya wengine tangu kidato cha sita, na kila mara alilipa mara mbili: fedha kwanza, kisha nafasi.

Lakini kosa halikuwa lake peke yake; shule nayo ilichangia. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma. Mkuu wa shule unayezifungia, fahamu kwamba kompyuta huchakaa hata isipoguswa. Kibodi iliyokufa mikononi mwa wanafunzi imefanya kazi yake. Iliyozeekea chini ya kitambaa haikumfundisha mtu. Weka ratiba, weka msimamizi, fungua mlango.

Mzazi, usidanganywe na simu. Mtoto anayerusha video usiku kucha anaweza kabisa kushindwa kuandika wasifu wake, kugeuza cheti kuwa PDF au kukipunguza ukubwa ili mfumo ukipokee. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu nayo ni ya mtandaoni, yakiambatana na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA. Jina likikosewa, anayejaziwa hawezi hata kujua kosa liko wapi.

Nawe mwanafunzi, huhitaji kumiliki kompyuta ili uanze. Steshenari ileile inaweza kuwa darasa lako: omba kiti, kaa wewe kwenye kibodi, na mwenye steshenari akuelekeze ukijaza kwa mkono wako. Fungua barua pepe yako mwenyewe, na neno la siri ulijue wewe peke yako. Likizo ndefu baada ya mtihani itumie kujifunza kuchapa na kutengeneza jedwali. Fanya hayo kabla madirisha ya maombi hayajafunguliwa, kwa maana yakishafunguliwa hakuna mwenye nafasi ya kukufundisha. Kila mtu atataka tu kukujazia.