Nguo ya Kuazima

Atokaye Shangani penye jengo la posta, akaifuata barabara ya Kenyatta mpaka Vuga, akateremkia Mnazi Mmoja, kisha akapitia Darajani hadi Malindi, huwa ametembea ndani ya fikra za mtu mmoja. Posta hiyo, makao ya Balozi wa Kiingereza, ambayo leo ni Ikulu, Mahakama Kuu iliyokamilika mwaka 1908, Beit el-Amani iliyofunguliwa mwaka 1925, na Jengo la Bharmal la mwaka 1923: yote yalichorwa na John Houston Sinclair. Safari hiyo haihitaji kiongozi. Matao, makuba na kuta nyeupe hujieleza zenyewe.

Hata hivyo, uzuri huo una swali ndani yake. Sinclair hakuwa msanifu tu. Alikuwa mtawala, na kuanzia mwaka 1922 hadi 1924 ndiye aliyekuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza Unguja. Dola aliyoitumikia iliiweka Zanzibar chini ya himaya yake mwaka 1890, na tarehe 27 Agosti 1896 manowari zake zililipiga mizinga kasri la Sultani kwa muda usiotimia saa moja. Basi mkono uliobomoa unapojenga, tena ukajenga vizuri, je, uzuri huo ni heshima au ni hila?

Wapo waonao kuwa ni heshima. Angeweza, wasema, kuwaletea Waunguja nyumba za Uingereza. Badala yake alichagua tao na kuba. Hoja hii ina uzito, ila haitoshi. Misikiti ya Kiibadhi ya Mji Mkongwe ni ya unyenyekevu, haina minara wala mapambo, na nyumba za kale za mji huo hujificha nyuma ya kuta zilizonyooka, fahari yake ikawa mlangoni. Kuba la Beit el-Amani lamkumbusha mtazamaji Istanbul kuliko Malindi. Kumbe mgeni hakumsikiliza mwenyeji, alimkisia. Alimvika vazi la Mashariki aliyoiwaza mwenyewe, kisha akalivaa yeye, ili amri ya ng'ambo ionekane kama ada ya nyumbani. Wahenga walikwisha kunena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Je, yafaa basi kuyadharau majengo hayo? La. Mchoro peke yake hausimamishi ukuta. Aliyechora jina lake linatajwa hata leo, lakini waliochanganya chokaa, waliopanda juu ya majukwaa ya miti na kulifunga kuba lisiporomoke, majina yao hayatajwi. Mwenye kulidharau jengo kwa kumchukia mtawala huwadharau na hao pia, nao walikwisha kudharauliwa mara moja.

Washairi wanalijua jambo hili. Tungo ngapi za sifa zilitungwa kwa amri ya mwenye enzi, kwa tamaa au kwa hofu? Msifiwa amekufa, enzi imeondoka, lakini vina vimebaki, na lugha imetajirika kwavyo. Msomaji mwema haichomi kasida kwa sababu aliyesifiwa alikuwa dhalimu. Wala haimlazimu kuuamini uongo wake kwa sababu mizani imetimia. Huyashika yote mawili: hulipenda neno, na hukumbuka lilinunuliwa kwa nini.

Hiyo ndiyo haki ambayo mtembeaji adaiwa na mji. Asimame Vuga, alitazame kuba la mahakama, akiri kuwa ni zuri. Kisha akumbuke kuwa chini yake walihukumiwa watu ambao hawakuulizwa ni nani awatawale. Ukweli wa pili haufuti wa kwanza, wala wa kwanza hausamehe wa pili.

Na swali lililobaki halimhusu Sinclair tena. Vazi aliloazima sasa limo mikononi mwa wenyewe. Jengo la mahakama huwa zuri kweli kwa haki itendwayo ndani yake, na nyumba iitwayo ya amani huthibitishwa jina lake na waishio kando yake. Mgeni alijenga umbo. Ama maana, hiyo hujengwa na wenyeji kila siku, na wakiiacha ikaporomoka, hawatakuwa na mgeni wa kumlaumu.