KUZALIWA BILA BABA

Ndugu msomaji, huenda umekwisha ambiwa kwamba Nabii Isa a.s. ni mwana wa Mungu kwa sababu hakuwa na baba. Tafadhali vitazame viumbe vya baharini.

Katika bustani ya wanyama ya Henry Doorly, mjini Omaha, Marekani, walifugwa papa majike watatu, wa jamii ya wenye kichwa kama nyundo, waliovuliwa wangali wachanga. Kwa miaka kama mitatu hawakukaa na dume la jinsi yao. Mwezi wa Desemba 2001 mmoja akazaa! Wengine wakadhani mbegu ya dume ilihifadhika tumboni tangu zamani. Lakini mwaka 2007 wataalamu walieleza kwamba walizichunguza chembe za urithi za mtoto yule, wasione hata moja iliyotoka kwa baba. Yai lilikua lenyewe, kwa njia aliyoiweka Muumba.

Hasha, hatumlinganishi Nabii wa Mungu na samaki! Twauliza tu: yuko aliyemsujudia papa yule? Kurani Tukufu (3:60) yamfananisha Isa na Adamu, ambaye hakuwa na baba wala mama. Basi atakayekuletea hoja hiyo, mwulize kwanza habari za Adamu.